Barua kwa Mhariri: Bawa la kwanza la paramota si sare ya shule

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wanaoanza kurusha paramota huku Bonde la Ufa yamenifurahisha, kwa sababu ni nadra magazeti yetu kuuandika mchezo huu bila kuugeuza kituko cha watalii. Aya moja tu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ndani yake muuzaji mmoja wa vifaa, ambaye mwandishi wenu hakumtaja jina, anawashauri wanaoanza wasipoteze fedha kwa bawa la mwanafunzi, bali wajipinde na kununua tangu mwanzo bawa dogo lenye kasi, ati wasije wakalichoka lile la kwanza baada ya miezi michache. Hiyo ni hesabu ya mzazi anayemnunulia mtoto wa darasa la kwanza sare ya darasa la nne ili aikulie. Sare pana haijamvunja mtoto mguu. Bawa lisilomfaa rubani limewavunja wengi. Kwa kuwa wasomaji wenu watakaoshawishika na ushauri huo huenda hawana mtu wa karibu wa kuwasahihisha, naomba nafasi nieleze jinsi bawa la kwanza linavyochaguliwa, hasa na mtu atakayerukia katika nchi yenye pwani na nyanda za juu kama yetu.

Kwa asiyeijua, paramota ni injini ndogo ya petroli yenye rafadha, iliyofungwa katika fremu ambayo rubani huivaa mgongoni, huku juu yake kukiwa na bawa la kitambaa lililounganishwa naye kwa kamba nyembamba. Rubani hukimbia, bawa hujaa hewa, na injini humsukuma hadi miguu iache ardhi. Kazi ya injini ni kusukuma tu. Kinachombeba mtu ni bawa. Ndani ya bawa hilo, ukiondoa vijiti vyembamba vya plastiki vinavyowekwa siku hizi kwenye ukingo wa mbele, hamna kitu kigumu cha kulishikia umbo. Tangu Domina Jalbert wa Marekani alipowasilisha ombi la hataza ya bawa la vyumba vya kitambaa mwaka 1964, kanuni imebaki ileile: hewa huingia kwa midomo iliyo mbele, hujaza vyumba, na shinikizo lake ndilo linalolipa bawa umbo, ilhali uzito unaoning'inia chini ndio unaozikaza kamba na kulifanya bawa lisonge mbele. Kwa hiyo uzito wa rubani pamoja na kila alichobeba ndio jambo la kwanza la kujua. Rangi, jina la kampuni na bei huja baadaye.

Wengi huteleza papo hapo, kwa kuwa wakiulizwa uzito hutaja ule waliopimwa zahanati. Mtengenezaji anaposema bawa lake hubeba kilo 95 hadi 125, anazungumzia kila kitu kilicho hewani, bawa lenyewe likiwemo. Tuchukue kijana wa kilo 75. Injini, fremu na kiti chake vitakuwa kama kilo 27. Lita kumi za petroli ni kilo saba na ushei. Bawa ni kilo tano hivi. Parachuti ya akiba kilo mbili. Na kofia, viatu, koti, redio na chupa ya maji havikosi kilo nne. Kijana wetu wa kilo 75 ameshakuwa mzigo wa kilo 120. Mwenzake wa kilo 90 aliyenunua injini nzito zaidi atafika 140 bila kujijua. Njia ya uhakika ni kuvaa kila kitu, tangi likiwa limejaa, na kupanda mizani ile ya kupimia magunia ya mahindi, ambayo huku kwetu haiko mbali na mtu yeyote. Nimewaona watu wakicheka wakiambiwa hivyo, kisha wakinyamaza wakiona mshale umesimama wapi.

Uzito huo ukishajulikana, isomwe karatasi iliyoshonwa au kupigwa mhuri ndani ya bawa, na isomwe kwa makini kwa sababu mara nyingi inaonyesha viwango viwili. Cha kwanza ni kile kilichotumika katika majaribio ya usalama ya Ulaya yanayojulikana kwa herufi EN, ambayo hufanywa bila injini. Cha pili, ambacho huwa kikubwa zaidi, ni kile ambacho mtengenezaji anakiruhusu bawa likitumika na injini, na mara nyingi huambatana na herufi DGAC, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Ufaransa. Muuzaji atakuonyesha hiki cha pili kwa sababu ndicho kinachokuruhusu kununua bawa dogo. Karatasi ya DGAC inalitambulisha bawa na kutaja mzigo wake wa juu. Haikuambii litafanya nini likikunjika upande mmoja ukiwa mita mia moja kutoka chini. Anayeanza na ajipime kwa kile cha kwanza kadiri inavyowezekana, na asipoweza kuingia humo kabisa, basi asikivuke kwa mbali.

Sasa nije kwenye neno kasi, ambalo ndilo linalouza. Bawa la mita za mraba 28 likibeba kilo 120, kila mita inabeba kilo 4.3. Mtu huyohuyo akiliacha na kuchukua la mita 22, kila mita itabeba karibu kilo 5.5. Kasi ya bawa hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo huo, kwa hiyo bawa lililokuwa likienda kilomita 38 kwa saa bila kuguswa litakwenda karibu 43. Kwa aliyezoea pikipiki hizo kilomita tano ni kichekesho. Lakini ongezeko la asilimia 13 haliko angani peke yake. Liko pia katika kasi unayohitaji kukimbia ili uondoke, na katika kasi utakayoirudisha ardhini kwa miguu yako mwenyewe. Zaidi ya hayo, bawa dogo lenye mzigo mkubwa huitikia breki, yaani kamba za mikononi zinazovuta chini ukingo wa nyuma wa bawa, upesi na kwa ukali, huzama haraka zaidi linapogeuka, na msokoto wa injini unaomvuta rubani upande mmoja huonekana wazi zaidi. Rubani mzoefu huvipenda vitu hivyo hivyo, na ndiyo maana mabawa ya mashindano ya kuzunguka nguzo hushuka hadi mita 16 au 18. Anayeanza, ambaye mikono yake bado huvuta breki kwa hofu, huanza kuyumba kushoto na kulia, kila sahihisho likimwongezea yumbo la pili, na hili hutokea karibu na ardhi ambako hakuna nafasi ya kulisubiri lipoe.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji wenu hakuligusa kabisa, na nadhani hakuligusa kwa sababu majedwali anayoyatumia yameandikwa na watu wanaoruka kwenye nyanda za chini za Ulaya. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Eldoret kama 2,100, Nakuru kama 1,850. Hewa ya asubuhi Iten ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 20. Bawa halijali jina la mji. Linajali kiasi cha hewa kinachopita juu na chini yake, na hewa ikiwa nyepesi ni lazima liende kasi zaidi ndipo libebe mzigo uleule. Ukipiga hesabu utakuta kwamba ongezeko hilo ni kama asilimia 13, yaani karibu sawasawa na lile la kutoka mita 28 hadi mita 22. Kwa maneno mengine, kijana wetu wa kilo 120 akiruka Iten na bawa kubwa la mwanafunzi, miguu yake inakutana na ardhi kwa kasi ileile ambayo angekutana nayo Nyali, Mombasa, akiwa na bawa dogo la mtu mzoefu. Huyo tayari amepewa bawa la kasi na mlima wenyewe, bila malipo. Akiongeza na lile la muuzaji atakuwa amejirundikia yote mawili.

Najua kuna atakayesema kwamba watu wa Iten wanajua kukimbia. Kweli wanajua, na lango la mji limeandikwa hivyo. Lakini hao mabingwa hawakimbii na kilo 30 za injini mgongoni huku kitambaa cha mita 28 kikiwavuta nyuma. Na injini nayo hudhoofika: injini ya kawaida isiyo na kifaa cha kusukumia hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hewa inavyopungua, kwa hiyo ile iliyomtosha mtu pwani inaweza kumfikisha mwisho wa uwanja wa Eldoret angali anakimbia. Bawa kubwa husaidia hapa mara mbili, kwa maana linahitaji kasi ndogo ya kuondokea na pia linahitaji msukumo mdogo wa kulibeba angani. Kwa mtu wa nyanda za juu, ushauri wangu ni kwamba akijikuta katikati ya saizi mbili, achukue kubwa, mradi uzito wake usishuke chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa. Bawa lililo kubwa mno kwa mtu mwepesi nalo lina tabu yake, maana kamba hulegea kirahisi katika hewa inayochemka na bawa hubembea na kukunjika.

Pwani mambo ni tofauti, na kishawishi cha kasi kina sura nyingine. Kusi ikiwa imekaza, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kilomita 30 kwa saa juu ya fukwe si jambo la kushangaza. Rubani mwenye bawa la kilomita 38 akiukabili atajikuta anasogea kilomita nane tu kwa saa, na kwa kuwa upepo wa juu huwa na nguvu kuliko wa chini, akipanda zaidi anaweza kuanza kurudi nyuma huku rafadha ikinguruma. Hapo ndipo anaposhauriwa anunue bawa la kilomita 50. Mimi naona jibu ni kutoruka siku hiyo. Bawa la kasi halimtoi anayeanza katika upepo mkali. Linampa ujasiri wa kuingia ndani yake, halafu lazima atue ndani yake, bawa likimvuta mchangani baada ya miguu kugusa. Mwambao wetu una kipindi cha maleleji, kusi na kaskazi zinapopokezana, una asubuhi nyingi kabla upepo wa bahari haujaamka, na hizo zinamtosha mwanafunzi na bawa lake pana. Wavuvi hawajawahi kuona haya kulaza ngalawa kwa sababu ya upepo.

Baada ya ukubwa ndipo lije daraja. Majaribio ya EN huyapa mabawa herufi A, B, C au D, kuanzia lile la upole zaidi hadi lile kali zaidi. Rubani wa majaribio hulikunja bawa kwa makusudi mbele na pembeni, hulizungusha kwa ukali, hulivutia breki mpaka liache kubeba, kisha hutazamwa linarudi vipi na linahitaji msaada gani. Bawa hupewa herufi ya jaribio lililofanya vibaya zaidi, na kwa hiyo C moja katikati ya A nyingi hulifanya bawa zima kuwa C. Bawa la kwanza liwe A, au B iliyo upande wa upole, ambayo mara nyingi hutambulika kwa umbo lake: si refu na jembamba bali ni nono, uwiano wa mraba wa upana wake kutoka ncha hadi ncha na eneo lake ukiwa karibu 5 au chini yake. Lakini msomaji aulize swali moja zaidi ambalo si wengi huliuliza: herufi hiyo ilipatikana trima zikiwa wapi?

Trima ni vibanio vilivyo kwenye mikanda ya nyuma inayoziunganisha kamba na kiti. Ukizifungua, mikanda ya nyuma hurefuka, sehemu ya nyuma ya bawa hupanda, na bawa huongeza mwendo. Mabawa mengi ya paramota hupimwa trima zikiwa zimefungwa, na herufi B iliyoandikwa kwenye tangazo huhusu hali hiyo tu. Trima zikiwa wazi, bawa lile lile linaweza kuwa na tabia za C au D, au lisiwe limepimwa kabisa. Hilo si kosa la watengenezaji, kwani huliandika waziwazi katika mwongozo; kosa ni la anayekata nusu ya sentensi anapouza.

Suala hili linahusu zaidi yale mabawa yanayoitwa refleksi, ambayo kampuni kama Dudek ya Poland zimejijengea sifa kwayo, na ambayo ukingo wake wa nyuma umepindwa kuelekea juu. Trima zikifunguliwa, mzigo mkubwa huhamia kwenye kamba za mbele, na bawa huwa gumu kukunjika kwa upepo wa mbele na hukimbia bila kutikisika ovyo. Ndiyo sababu wapo wanaoapa kwamba ni salama kuliko yote na kwamba hata mwanafunzi anafaa kuanza nalo. Nawaheshimu, na nakubali kwamba ziko refleksi za upole zinazofundishiwa vizuri, trima zikiachwa katika nafasi ya kuondokea. Wasiwasi wangu ni breki. Katika bawa la kawaida mwanafunzi hufundishwa kwamba akihisi bawa linataka kukimbia mbele yake alizuie kwa breki, na mafunzo hayo huingia mikononi. Katika refleksi iliyofunguliwa, kuvuta breki za kawaida hushusha ule ukingo uliopindwa juu na kuuvuruga usawa uliolifanya bawa liwe imara, ndiyo maana miongozo mingi hutaka rubani ageuze kwa vishikio vya nchani badala ya breki. Kumtaka mtu awe na mazoea mawili yanayopingana katika msimu wake wa kwanza ni kumtaka makuu. Na bawa linalokunjika kwa nadra likiwa katika kasi kubwa, siku litakapokunjika halikunjiki kwa adabu.

Hayo yote ni kwa anayenunua bawa jipya, ambalo kwa bei za Ulaya huwa kama euro 2,500 hadi 4,000 kabla ya usafiri na ushuru. Vijana wengi hawawezi, na mimi siwalaumu wanapotafuta mtumba. Bonde la Kerio linajulikana sana na marubani wa Ulaya wanaokimbia baridi ya kwao, hasa Januari hadi Machi, na mgeni anayetaka kupunguza mizigo anaweza kuuza bawa lake kabla ya kurudi. Bawa hilo linaweza kuwa safi na la bei nzuri, na bado likawa halifai hata kidogo, kwa kuwa mwenye kulileta ni mtu aliyekuja kuvuka masafa marefu bila injini, na huenda lake ni C au D, refu na jembamba, lililokatwa kwa uzito wa mtu asiyebeba injini wala petroli. Ukilitundikia paramota umelizidishia mzigo na umelipeleka kwa mtu asiyelijua.

Mtumba wenyewe huchunguzwa katika vitu viwili, kitambaa na kamba. Kitambaa ni nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia hewa isipite, na adui yake mkubwa ni jua. Saa za kuruka zilizoandikwa kwenye daftari hazihesabu zile saa ambazo bawa lilitandazwa uwanjani likisubiri upepo, na kwenye jua letu la ikweta saa hizo ndizo zinazolila. Hewa ikianza kupita kwenye kitambaa, bawa huwa zito kupanda na huelekea kuacha kubeba mapema kuliko kawaida. Kipo kifaa kinachopima ni sekunde ngapi kiasi fulani cha hewa huchukua kupenya. Bawa jipya huenda dakika kadhaa, na likishuka hadi sekunde kumi hivi limekwisha, hata kama rangi yake bado inang'aa. Miongozo mingi hudai ukaguzi wa aina hiyo kwa kila saa mia moja za kuruka, au kila mwaka au miwili. Mwombe muuzaji karatasi ya ukaguzi huo. Ikiwa hana, bei ishuke kwa gharama ya kulipeleka kukaguliwa, na ununuzi usubiri majibu.

Kamba zina ujanja wake. Zile za Dyneema, aina ya nyuzi imara za plastiki, hujikunyata kadiri siku zinavyokwenda, na zile za nyuma, ambazo hubeba mzigo mdogo na kwa hiyo hazinyooshwi sana, hujikunyata kuliko za mbele. Matokeo yake ni bawa ambalo daima ni kana kwamba breki zake zimevutwa kidogo. Dalili yake huonekana uwanjani: ukilivuta lipande, hukwama nyuma ya kichwa chako badala ya kufika juu. Mnunuzi asikubali kuambiwa kwamba hajui kuvuta. Na lililotumika ufukweni litikiswe ili mchanga uanguke, maana mchanga uliorundikana kwenye ncha husaga mishono, na chumvi iliyokauka kitambaani huonekana kwa mabaka meupe na kwa ukakamavu unapoliminya. Mchaniko mdogo wa sentimita chache mbali na mshono hubandikwa kiraka na maisha yakaendelea. Ulio kando ya mshono ni kazi ya fundi wa mabawa, wala si ya fundi cherehani.

Niongeze kuhusu mauzo ya pamoja, yaani injini na bawa kwa bei moja, ambayo mwandishi wenu aliyasifu kuwa nafuu. Bawa lililo katika furushi hilo lilichaguliwa kwa ajili ya mwili wa muuzaji. Mtu wa kilo 60 akimuuzia wa kilo 85, bawa zuri la A linageuka kuwa bawa lililolemewa, na yale majaribio yote hayana maana tena kwa sababu hayakufanywa kwa uzito huo. Utaratibu unaofaa ni kwanza mafunzo, kwa bawa la shule, kwa muda mrefu ukiwa chini bila injini ukijifunza kulishika juu ya kichwa, kisha injini, kisha mizani, na bawa liwe la mwisho. Mwalimu aliyekuona ukikimbia na ukitua anajua kuhusu mikono yako mambo ambayo hakuna jedwali linaloyajua, na maoni yake yawe na uzito kuliko ya mtu ambaye faida yake iko kwenye mauzo. Mwalimu akiwa ndiye muuzaji, jambo ambalo katika mchezo wenye watu wachache haliepukiki, omba maoni ya wa pili.

Inabaki hoja ya kuchoka, ambayo ndiyo iliyokuwa nguzo ya ule ushauri. Inasemwa kwamba aliyenunua bawa la upole atalazimika kununua jingine upesi, na hivyo kulipa mara mbili. Sijaona ukweli wake. Bawa la A au B lenye ukubwa sahihi lina mengi ya kufundisha: kuondoka bila upepo, kutua mahali ulipopachagua injini ikiwa imezimwa, kuzunguka katika hewa inayopanda, kuishi na upepo wa pembeni. Wapo marubani wenye uzoefu wa miaka wanaoendelea na mabawa ya daraja hilo kwa sababu wanachotaka ni kutazama bonde, si kushindana na pikipiki. Na anayetaka kulibadilisha baada ya msimu mmoja au miwili hapati hasara kubwa, kwa maana bawa la mwanafunzi lililotunzwa lina wanunuzi, ambao ni wanafunzi wanaofuata. Bawa la kasi lililonunuliwa mapema ndilo linalogharimu mara mbili, kwa kuwa mwenyewe huliogopa, huruka mara chache, ujuzi hukaa pale pale, na hatimaye hulitupa sokoni likiwa limezeeka kwa miaka badala ya saa.

Kitu kimoja ningemruhusu anayeanza akilipie zaidi, nacho ni wepesi wa kitambaa. Mabawa yaliyoshonwa kwa kitambaa chepesi hupanda kirahisi asubuhi isiyo na upepo, na asubuhi za huku juu nyingi huwa hivyo. Hudumu muda mfupi kuliko ya kitambaa kizito na yanataka kulindwa dhidi ya mawe na miiba, lakini kwa mtu anayekimbia katika hewa nyembamba, bawa linalofika juu ya kichwa mapema linampunguzia hatua kumi za mwisho, ambazo ndizo wanafunzi wengi hujikwaa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapoandika tena kuhusu mabawa haya, au kupokea tangazo la mtu anayeuza, pamoja na bei tajeni ukubwa kwa mita za mraba, viwango vyote viwili vya uzito, daraja la EN na nafasi ya trima lilipopatikana, na mwaka bawa lilipotengenezwa pamoja na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Nafasi inayohitajika haizidi mstari mmoja, na muuzaji mwenye bawa zuri anayo majibu hayo yote ndani ya mfuko wake.

Rubani wa paramota,
Eldoret